MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kodi ya nyumba moja na vichwa vitatu



Juma hili twaacha habari za kuku na za mbegu, maana imetufikia barua isiyoweza kungoja. Imetoka kwa baba mmoja, mkulima wa kahawa. Jina lake twalihifadhi, na la kijiji chake pia, kwa kuwa neno lenyewe ni la ukoo, na ukoo huo umekwisha kuanza kupata ufa.

Binti wa baba huyu yuko Uingereza, anasoma shahada ya pili. Amepanga nyumba pamoja na watu wawili: msichana mwenzake wa chuo, na kijana wa shangazi yake, yaani mtoto wa dada yake baba huyu. Kijana huyo hasomi. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wote watatu walitia sahihi mkataba mmoja wa pango. Hawajamaliza miezi miwili, ikaja barua ya halmashauri ya mji, majina yao matatu juu yake, ikidai kodi. Kijana akasema, "Tugawane mafungu matatu sawasawa." Binti akasema, "Mimi ni mwanafunzi, sidaiwi." Kijana akampigia mama yake simu. Mama akafunga kanga usiku huo huo akaenda kwa kaka yake: "Kaka, binti yako anamwachia mwanangu mzigo. Na mwanangu ndiye aliyempokea uwanja wa ndege, akamwachia kitanda, mwenyewe akalala chini."

Tangu usiku huo ndugu hawa wawili husalimiana kwa mbali tu. Baba atuuliza: "Je, nimuuze mtamba wangu nipeleke fungu la binti? Au binti ana haki, na mimi nimjibuje dada yangu?"

Jibu la sheria ni fupi. Binti hadaiwi hata senti moja, na msichana mwenzake vivyo hivyo. Kijana ndiye adaiwaye, peke yake. Lakini hadaiwi kodi nzima, adaiwa robo tatu. Mtamba abaki zizini. Walakini jibu fupi namna hii halitampoza shangazi. Atasema, "Sheria gani hiyo inayowakamua wafanyao kazi na kuwaacha wakaao bure?" Basi afadhali tulieleze jambo hili toka mwanzo wake, ili naye aone limetoka wapi.

Wazee wetu waijua sana tofauti ya kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Wajerumani walipoleta kodi mwaka 1897 walihesabu vibanda: mwenye kibanda alipe, hata wakilala humo watu kumi. Ndipo watu wakajibana wengi katika kibanda kimoja. Baadaye Waingereza, kwa sheria yao ya Tanganyika ya mwaka 1922, wakaweka vyote viwili, kibanda na kichwa, hata kijana asiye na kibanda hakupona. Sisi wenyewe tumeendelea na kodi ya kichwa kwa jina la kodi ya maendeleo mpaka ilipofutwa Tanzania mwaka 2003, na wako wengi kati ya wasomaji wetu waliowahi kulala porini siku ya msako.

Sasa sikilizeni. Waingereza nao kwao wamepita njia ile ile. Zamani halmashauri zao zilitoza kodi kwa nyumba. Kisha serikali ya Bibi Margaret Thatcher ikaifuta, ikaleta kodi ya kichwa: Scotland mwaka 1989, Uingereza yenyewe na Wales mwaka 1990. Tajiri mwenye jumba na maskini mwenye chumba katika mji mmoja wakatozwa sawa. Wanafunzi walitakiwa kulipa sehemu moja ya tano. Watu wakakataa. Tarehe 31 Machi 1990 maandamano makubwa ya London yaliishia kwa ghasia katika uwanja wa Trafalgar Square, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo Bibi Thatcher akaacha uwaziri mkuu; kodi hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu. Mwaka 1992 ikatungwa sheria mpya, na tarehe 1 Aprili 1993 ikaanza kodi iliyopo mpaka leo, ambayo katika bahasha huandikwa Council Tax. Sisi tutaiita kodi ya halmashauri. Ndiyo inayolipia kuzoa takataka, taa za barabarani, polisi, zimamoto, na kutunza wazee na watoto wasio na mtu.

Kodi hii ni nusu kibanda, nusu kichwa. Mkilishika neno hilo mtaelewa mengine yote.

Upande wa kibanda: kila nyumba imewekwa katika daraja, kuanzia A mpaka H, kwa bei ambayo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Hata nyumba iliyojengwa mwaka jana hukadiriwa kana kwamba ilikuwako siku hiyo. (Wales wana daraja moja zaidi, na wao hutumia bei za mwaka 2003.) Nyumba ya daraja A hulipa theluthi mbili za kodi ya daraja D, na ile ya H hulipa mara mbili ya D. Kwa mwaka wa 2025/26 wastani wa kodi ya daraja D katika Uingereza ni pauni 2,280. Si fedha ya mchezo.

Upande wa kichwa: kodi nzima huchukuliwa kwamba ndani mna watu wazima wawili. Wakiwa watatu au sita, haiongezeki. Akiwa mmoja tu, hupunguzwa robo. Na hapo ndipo wanafunzi wanapoingia, maana sheria inao watu iwaitao wasiohesabiwa. Wanakaa nyumbani, wanakula, wanaoga, lakini anapohesabu vichwa karani wa halmashauri huwaruka. Mwanafunzi wa masomo ya wakati wote ni mmoja wao.

Haya, turudi katika nyumba ya wale watatu. Karani ahesabu: binti, amruke, mwenzake, amruke, kijana wa shangazi, mmoja. Nyumba ina kichwa kimoja. Basi robo yaondolewa. Tufanye kodi nzima ya nyumba hiyo ni pauni 2,000 kwa mwaka; itakuwa 1,500. Kwa fedha ya Tanzania hizo ni zaidi ya shilingi milioni 4. Kama wote watatu wangekuwa wanafunzi, nyumba ingesamehewa kabisa, hakuna hata pauni moja. Na kama wangekuwa wafanyakazi wawili na mwanafunzi mmoja, kodi ingekuwa nzima, kwani vichwa viwili vimetimia, na wale wafanyakazi wawili ndio wangedaiwa.

Mtu atauliza: lakini wote watatu wametia sahihi mkataba mmoja, na majina yote matatu yako katika barua. Je, hawadaiwi pamoja?

Swali hili ndilo shina la ugomvi, na si katika ukoo huu tu. Kanuni ya kodi hii ni kwamba wapangaji wenye haki sawa katika nyumba hudaiwa pamoja, na tena kila mmoja adaiwa deni lote. Mwenzako akikimbia, wewe ulipe lako na lake. Zamani kanuni hiyo iliwanasa hata wanafunzi: mfanyakazi akihama usiku, halmashauri ilimgeukia mwanafunzi aliyebaki. Jambo hilo lilionekana ovu, likarekebishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na tangu tarehe 1 Aprili 2004, katika Uingereza na Wales, mwanafunzi aliye na mkataba mmoja na mtu asiye mwanafunzi hadaiwi pamoja naye. Deni lamwangukia yule mwingine peke yake. Kwa hiyo, wazazi, mkimwona bwana aliyesoma Ulaya miaka ya tisini akawaambia, "Sisi tulilipa, na mtoto wako alipe," mwambieni kwa adabu kwamba hiyo ni habari ya sheria ya zamani.

Basi kwa nini jina la binti liko katika barua? Kwa sababu halmashauri haijui kwamba yeye ni mwanafunzi. Imepata majina kwa mwenye nyumba au katika mkataba, ikayaandika yote. Msamaha hauji wenyewe kama umande. Lazima uombwe, na kuombwa kwake ni kwa hati. Vijana wengi huiona barua ile, husema "mimi ni mwanafunzi, hainihusu," wakaiweka chini ya kitanda. Hapo ndipo jambo la kumalizwa kwa barua moja linapogeuka kesi.

Na ni nani hasa mwanafunzi mbele ya sheria hii? Si kila mwenye kitambulisho cha chuo. Masomo yake yawe ya angalau mwaka mmoja wa chuo, yamtake kuhudhuria angalau majuma 24 katika mwaka, na kusoma kwa wastani angalau saa 21 kwa juma wakati wa muhula. Asomaye jioni mbili kwa juma baada ya kazi huhesabiwa kama mfanyakazi yeyote. Kinyume chake, mwanafunzi wa wakati wote akifanya kazi ya saa chache, kama vile saa 20 kwa juma ambazo viza huwaruhusu wengi wa wanafunzi wa shahada wakati wa muhula, hapotezi kitu. Akifagia dukani jioni bado ni mwanafunzi.

Tazameni sana tarehe. Uanafunzi huanza siku masomo yanapoanza, huisha siku yanapoisha. Hauanzi siku ya kushuka ndege, wala hauishi siku ya kuvaa joho. Likizo zilizo katikati ya masomo zinahesabiwa ndani yake. Lakini kijana aliyemaliza shahada ya kwanza mwezi wa Juni na kuanza ya pili mwezi wa Septemba, ile miezi ya katikati si mwanafunzi, hata kama chuo kimekwisha kumpa nafasi. Tumekwisha kusikia habari za nyumba ya wanafunzi wanne, mmoja akamaliza mapema akabaki humo akitafuta kazi. Toka siku ile msamaha wa nyumba nzima ukaanguka, na bili ikaja kwa jina lake, robo imeondolewa. Akawalalamikia wenzake, wenzake wakamwonyesha sheria, wakanuniana mpaka mkataba ulipokwisha.

Tuyapitie mengine kwa haraka. Mabweni ya vyuo yamesamehewa. Mzazi ambaye mtoto wake yumo bwenini asome ukurasa mwingine kwa raha. Nyumba ambayo kila mpangaji ana mkataba wake wa chumba chake na mwenye nyumba, huku jiko na choo ni vya wote, kodi yake humwangukia mwenye nyumba. Katika Uingereza jambo hilo limenyoshwa zaidi tangu tarehe 1 Desemba 2023: nyumba za namna hiyo huhesabiwa kuwa nyumba moja, zisigawanywe tena chumba kwa chumba, kila mtu na bili yake. Bila shaka mwenye nyumba si mjinga, ataiweka kodi hiyo ndani ya pango. Na mtu akiishi kwa mwenye nyumba aliyemo mwenyewe, ni mwenye nyumba adaiwaye.

Mwanafunzi aliyekwenda na mkewe au mumewe asiye raia wa Uingereza, ambaye viza yake yamkataza kufanya kazi au kupokea misaada ya serikali, mwenzake huyo naye huhesabiwa kama mwanafunzi kwa kodi hii. Inatosha moja ya makatazo hayo mawili. Basi nyumba yao yaweza kusamehewa yote. Na mama akienda kumwuguza binti yake aliyejifungua, akakaa kule miezi mitatu, asiogope kwamba atamletea kodi. Anahesabiwa mtu ambaye pale ndipo makazi yake makuu, na makazi ya mama huyo yako kijijini, penye shamba lake na jiko lake.

Sasa tumgeukie shangazi, maana hatutaki aseme kwamba gazeti limemtetea binti tu.

Kijana wake ana kilio cha kweli. Takataka za nyumba hutoka kwa watu watatu, na taa ya barabarani humwangazia hata mwanafunzi atokaye maktaba saa nne usiku. Yeye alipa pauni 1,500, wao hawalipi kitu. Mshahara wa kutunza wazee si mkubwa. Kazi ya kuwageuza na kuwaosha watu wazima ni nzito, na nusu ya fedha yake huja huku huku nyumbani kuezeka nyumba ya mama yake. Tena alimpokea ndugu yake kwa moyo. Hayo yote ni kweli.

Lakini pande mbili zitazamwe. Kama kijana angekaa peke yake katika nyumba hiyo hiyo angelipa robo tatu hizo hizo, pauni 1,500, na juu yake pango lote. Wanafunzi hawakumwongezea hata peni moja ya kodi. Bali wao, wakikaa na mwanafunzi mwenzao badala yake, wasingekuwa na bili yoyote mlangoni. Kwa hiyo neno kwamba "wamemwachia mzigo" si sawa. Mzigo ni wake toka alipotia sahihi, ila hakuna aliyemweleza. Na binti naye hana mshahara. Ada yake imetoka katika kahawa ya baba na michango ya ukoo, na huenda hata shangazi mwenyewe alichanga. Kumtoza binti ni kuitoza kahawa.

Haki ya sheria ni kitu kimoja, mapatano ya watu wa nyumba moja ni kitu kingine. Halmashauri hudai kwa yule ambaye sheria imemtaja. Haiangalii ninyi kwa ninyi mmepatanaje. Sheria haimlazimishi mwanafunzi kuchangia, na pia haimkatazi. Wako wanaopatana toka mwanzo kwamba mfanyakazi atalipa kodi ya halmashauri, na wanafunzi watachukua umeme na gesi fungu kubwa kidogo. Wengine husema mfanyakazi achukue chumba kidogo kwa pango dogo, ili tofauti ikafidie kodi. Sisi twaona huo ni utu. Lakini mapatano ya namna hiyo hufanywa kabla ya kutia sahihi, mezani, yakaandikwa katika karatasi. Kuyadai baada ya bili kufika, kwa simu za usiku kwa wazazi, ndiko kunakovunja undugu. Na ikiwa mwanafunzi ameahidi kwa maandishi kuchangia, basi amejifunga mwenyewe kwa wenzake. Asijifiche nyuma ya msamaha wa halmashauri.

Kwa ndugu zetu hawa, kama wangetuuliza barazani, tungemshauri binti asilipe kodi asiyodaiwa, maana akianza ataonekana mdaiwa. Lakini achukue gharama nyingine ya nyumba kwa hiari, kadiri ya nguvu zake, kwa ajili ya kile kitanda alichoachiwa. Na baba aende mwenyewe kwa dada yake, asitume mtoto. Amweleze jambo hili la kichwa kimoja na robo tatu. Mama aliyeishi zama za kodi ya maendeleo ataelewa upesi kuliko kijana.

Yabaki mambo ya kufanya, na hapa tunawaomba mwasomee watoto wenu kwa simu, neno kwa neno.

Kwanza binti aende ofisi ya chuo, au katika ukurasa wa chuo kwenye intaneti, aombe hati ya uanafunzi kwa ajili ya kodi ya halmashauri. Chuo hakiwezi kumnyima. Ni wajibu wake kwa sheria. Hati iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza masomo. Mwenzake aombe yake. Waipelekee halmashauri hati zote mbili na barua fupi, wakitaja kwamba katika nyumba mna mtu mmoja tu asiye mwanafunzi. Watake majina yao yaondolewe, na robo ipunguzwe kwa yule wa tatu. Wabaki na nakala. Kijana wa shangazi aungane nao katika barua hiyo, maana bila hati za wasichana hawa yeye atatozwa kodi nzima. Hapo ndipo wanapohitajiana! Binti akimnyima hati kwa hasira, amemtia hasara ya pauni 500.

Punguzo la robo na msamaha wa wanafunzi havihesabiwi kuwa msaada wa serikali, kwa hiyo havidhuru viza ya mtu. Lakini kuna punguzo lingine la kodi hii, la watu wa kipato kidogo. Hilo ni msaada wa serikali, na mgeni ambaye viza yake yakataza misaada asiliombe hata karani akimwonyesha fomu kwa huruma. Laweza kumharibia ukaaji wake. Mfanyakazi wetu, aliyeingia kwa viza ya kazi, asichanganye mapunguzo haya mawili.

Bili ikiisha kuwa sawa, kijana alipe kwa mafungu. Kwa kawaida ni mafungu 10, toka Aprili mpaka Januari, na akiomba 12 hupewa, ili kila mwezi uwe mwepesi kidogo. Aliyehamia katikati ya mwaka hulipa siku zilizobaki tu. Asikose fungu moja akanyamaza. Ataletewa ukumbusho wa siku saba, na asipolipa, haki ya mafungu yaweza kuondoka, kodi yote iliyobaki ikadaiwa kwa mara moja. Baadaye huja samansi ya mahakama ya mahakimu, gharama zake zikiongezwa juu ya deni, kisha amri ya kulipa. Amri hiyo ikitoka, halmashauri yaweza kukata mshahara wake kwa mwajiri au kutuma madalali wa mahakama. Katika Uingereza mkaidi anayeweza kulipa na hataki huweza hata kufungwa mpaka miezi mitatu, ingawa Wales wameifuta adhabu hiyo mwaka 2019.

Lakini je, halmashauri ikikataa hati? Yatokea. Husema masomo hayafikii saa, au tarehe hazilingani, au mwanafunzi ameacha chuo. Hapo wengi hufanya kosa la kungoja samansi ili wakajieleze kwa hakimu. Hakimu hana uwezo wa kuamua kama wewe ni mwanafunzi au siye. Yeye hutazama kama bili ilitolewa kwa taratibu na haijalipwa. Mwenye kuamua ni baraza jingine la rufani, nalo katika Uingereza huitwa Valuation Tribunal for England. Utaratibu wake ni huu. Mwanafunzi aandike kwa halmashauri kwamba anapinga deni, aeleze sababu. Halmashauri ina miezi miwili ya kujibu. Ikikataa, ana miezi miwili toka siku ya jibu lile kupeleka rufani barazani. Ikinyamaza miezi miwili yote, apeleke rufani kabla ya kupita miezi minne toka barua yake ya kwanza. Kupeleka rufani ni bure, wala hahitaji wakili. Wales wana baraza lao, na Scotland lao. Ireland ya Kaskazini haina kodi hii. Wao wangali na kodi ya nyumba ya namna ya zamani.

Kesi ikingoja, deni halisimami lenyewe. Kwa hiyo aiombe halmashauri kwa maandishi isipeleke shauri mahakamani mpaka rufani isikilizwe, na ikikataa, alipe kidogo kidogo awezavyo huku akipinga. Akishinda hurudishiwa. Vyuo vikuu vingi vina ofisi ya ushauri ya chama cha wanafunzi, na katika miji mingi kuna watu wa Citizens Advice, ambao ushauri wao haulipiwi. Asione haya kwenda. Barua hizi huwachanganya hata Waingereza wenyewe.

Mwisho, nyumba ile ina mkataba wa mwaka mmoja. Shahada ya pili ya binti itakwisha kabla au baada ya mkataba? Alitazame jambo hilo sasa hivi. Masomo yakiisha Septemba na mkataba ukaendelea mpaka Novemba naye akabaki humo, miezi hiyo miwili atakuwa kichwa cha pili, punguzo la robo litaondoka, na yeye na kijana wa shangazi watadaiwa pamoja, kila mmoja deni lote la miezi hiyo. Aiarifu halmashauri siku masomo yatakapokwisha, asingoje waulize. Na katika kila barua aandike nambari ya akaunti iliyo katika bili, pamoja na tarehe.